Adabu ya Hadhira: Kimya, Tuzo na Vigelegele katika Sanaa za Maonyesho za Pwani

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliwataja watazamaji kuwa miongoni mwa nguzo nne za sanaa hizo: liwepo jambo linalotendwa, awepo mtendaji, uwepo uwanja wa kutendea, nao watazamaji wawepo. Nguzo tatu za mwanzo zimejadiliwa sana na wahakiki. Ya nne huguswa kwa sentensi moja au mbili, na aghalabu sentensi hizo huwa za kulalamika: watazamaji walipiga kelele, walicheka pasipochekeka, waliinuka huku mchezo ukiendelea.

Lawama hiyo ina kipimo chake, na kipimo hicho kina tarehe. Walioingia Globe ya London, iliyojengwa 1599, kwa kulipa peni moja walisimama uwanjani mchana kweupe, wakila na kuzungumza. Shakespeare aliwaandikia watu hao. Ukumbi wenye giza, ambamo mtazamaji huketi kimya akilikabili jukwaa, ni zao la karne ya 19 hasa, na Richard Wagner aliutilia nguvu katika jumba lake la Bayreuth lililofunguliwa 1876. Adabu ya namna hii ndiyo iliyoletwa Kenya na watawala na walowezi, na Jumba la Kitaifa la Maonyesho lililofunguliwa Nairobi mwaka 1952 lilijengwa kwa kuifuata. Kuiita adabu ya watu wote ni kusahau umri wake mfupi.

Pwani ina kipimo kingine. Kusini mwa kivuko cha Likoni, upande wa bara ya Mombasa, lipo eneo liitwalo Shika Adabu. Jina lenyewe ni amri, na mgeni aweza kudhani kwamba adabu inayoamrishwa ni ya kunyamaza. Lakini katika arusi za sehemu hizo, kama za pwani nzima, kumnyamazia mwimbaji ni kumvunjia heshima. Wanawake wapigao vugo, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti, hutarajia kuitikiwa. Mwimbaji wa taarab hutarajia vigelegele na tuzo.

Hiyo tuzo inastahili kutazamwa kwa makini. Kelly Askew, aliyetafiti taarab ya Tanzania, hususan ya Tanga, na kuchapisha kitabu chake mwaka 2002, alionyesha kwamba mwenye kutuza hatoi fedha kwa kuburudika tu. Huchagua ubeti. Ubeti huo ufikapo huinuka, husogea kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, na kwa mwendo wake, pengine kwa mtupo wa jicho tu, huwajulisha waliopo kwamba maneno yale ameyafanya yake na kwamba yupo anayeelekezewa. Huenda mtunzi hakumkusudia mtu yeyote. Shabaha imetoka kwa mtazamaji. Naye aliyelengwa ana adabu yake. Akikasirika hadharani, amekiri. Akitaka kujibu, husubiri wimbo unaomfaa, kisha huinuka na tuzo yake. Mpaka wa uhuru huu ni jina: fumbo humwachia kila mmoja nafasi ya kujifanya hakusikia, na kumtaja mtu waziwazi ndiko kuvunja adabu.

Mombasa imeyajua haya kwa muda mrefu. Margaret Strobel, katika utafiti wake wa 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huo, alieleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo na kwa fahari ya karamu, na jinsi wimbo ulivyoweza kumwaibisha aliyekiuka mwenendo. Mtazamaji wa leo aliweza kuwa mtendaji wa kesho, na alitazama akilijua hilo. (Wadigo, wenyeji wa Likoni, wana ngoma iitwayo sengenya, jina ambalo Mswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu.)

Tamthilia andishi iliikaribia desturi ya namna hii mwaka 1977, mbali na pwani, huko Kamiriithu, Limuru. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifanyiwa mazoezi mahali pa wazi, wanakijiji wakisahihisha lugha na mwenendo wa wahusika kabla ya onyesho la kwanza. Serikali iliondoa kibali Novemba mwaka huohuo. Hadhira iliyokwisha kusema wakati wa mazoezi isingetarajiwa kunyamaza baadaye, na yamkini hilo liliwatisha wakubwa kuliko maneno ya mchezo wenyewe.

Tamthilia za Kiswahili, tangu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilipochapishwa 1969, zimefahamika zaidi kwa kusomwa madarasani kuliko kwa kutazamwa. Msomaji hukaa peke yake, kimya, kama mtazamaji wa Bayreuth. Mhakiki anayeiandika historia ya sanaa za maonyesho kwa kutegemea maandiko hayo pekee atawakuta waandishi na wahusika wao. Mwanamke anayeinuka arusini Shika Adabu na noti mkononi, baada ya kuungoja ubeti wake usiku kucha, hatamkuta hata katika maelekezo ya jukwaa.