Cheti cha Mwajiri: Historia ya Kumthibitisha Fundi nchini England

Mwezi Januari 2008 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kampuni tatu, yaani McDonald's, shirika la ndege la Flybe na Network Rail inayotunza njia za reli, zimeruhusiwa kutoa vyeti vyao zenyewe vinavyotambuliwa katika mfumo wa elimu wa taifa, na mafunzo ya msimamizi wa zamu katika migahawa ya McDonald's yakawekwa ngazi moja na mitihani ya sekondari ya juu, inayokaribiana na ile ya kidato cha sita. Wapo waliolikejeli jambo hilo kama uzushi mpya, ilhali nchini England mwajiri alikuwa akimfunza fundi na kumthibitisha karne nyingi kabla ya kuwapo wizara yoyote ya elimu.

Katika miji ya zama za kati kazi za mikono zilishikwa na vyama vya mafundi, yaani jumuiya za wenye karakana wa kazi moja, kama wafua dhahabu au wafuma nguo, ambazo ndizo zilizosimamia ubora wa bidhaa na kuamua nani aingie kazini. Mwanagenzi, yaani kijana aliyejifunza kazi kwa kuishi na kutumika nyumbani kwa fundi mkuu, alifungwa na mkataba ulioandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ngozi hiyo ikakatwa kwa mstari wa menomeno na kila upande ukahifadhi kipande chake, ili ukitokea ugomvi vipande viwekwe pamoja na uhalali wa hati uonekane kwa jinsi meno yanavyooana. Humo kijana aliahidi kutocheza kamari, kutozurura vilabuni na kutooa kabla ya muda wake kwisha, na fundi naye akaahidi kumlisha, kumvika na kumfundisha kazi bila kumficha siri zake. Sheria ya mwaka 1563, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ilifanya uanagenzi wa miaka isiyopungua saba kuwa sharti la kushika kazi ya ufundi.

Nguvu ya utaratibu huo ni kwamba fundi mkuu alifundisha, lakini aliyempokea kijana kuwa fundi kamili ni chama, na kwa hiyo thamani yake haikuishia kwenye mlango wa karakana moja. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa vilevile, kwa kuwa chama kilikuwa mlinzi wa ufundi na papo hapo mlinzi wa mapato ya wanachama wake, hata ikawezekana mtu kuingia kwa urithi wa baba au kwa kulipa ada, pasipo kujifunza kazi yenyewe. Viwanda vilipoenea, Bunge lilifuta masharti ya uanagenzi mwaka 1814.

Mwaka 1878 Jiji la London na vyama 16 vya mafundi vilianzisha taasisi ya City and Guilds, na hapo ndipo yalipotokea mageuzi yaliyo muhimu kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mtahini alitengwa na mwajiri, na cheti kikatokana na mtihani uliosahihishwa na watu wasiomjua mtahiniwa. Vyeti hivyo vilifika hadi Afrika Mashariki, ambako wanafunzi wa ufundi wa Kenya waliendelea kufanya mitihani ya London mpaka Baraza la Taifa la Mitihani lilipoundwa mwaka 1980 na kupewa jukumu hilo.

Ruhusa ya mwaka 2008 ilirudisha kwa mwajiri sehemu ya madaraka aliyoyapoteza, ingawa safari hii chini ya jicho la mamlaka ya serikali. Hoja ya kuitetea ni ya haki: mfanyakazi aliyejifunza kusimamia watu, fedha na usafi wa chakula ana elimu ya kweli, na kumnyima cheti kwa sababu hakuipata darasani ni kumdhulumu. Hata hivyo kampuni hufa, kama Flybe ilivyofilisika Machi 2020, na anayeshika cheti huendelea kuishi na kutafuta kazi. Kwa hiyo mwajiri aruhusiwe kufundisha na kutoa cheti pale tu mtahini wa nje anapopima kazi hiyo, na kumbukumbu za waliofaulu zikatunzwa na chombo cha umma.