Tarakilishi inapojizima na kujiwasha yenyewe: Tambua kiini kabla ya kununua kipuri

NI jambo la kukera na la kugharimu pale mtumiaji anapokuwa katikati ya kazi, kisha tarakilishi ikajizima ghafla na kuanza kujiwasha upya bila kuamriwa. Barua ambayo haikuwa imehifadhiwa hupotea. Fomu iliyokuwa ikijazwa mtandaoni, iwe ya kuomba nafasi chuoni au ya marejesho ya kodi ambayo makataa yake ni Juni 30 kila mwaka, hubidi kuanzwa upya.

Katika mji wa Isiolo, hitilafu hii ina uzito wa kipekee. Mji huo umo mahali ambapo nyanda za juu za Mlima Kenya zinakutana na maeneo kame ya kaskazini. Jua ni kali, vumbi ni jingi, na misimu ya mvua inapoanza, radi huandamana nayo. Joto, vumbi na umeme usiotulia ndio maadui wakuu wa tarakilishi ya nyumbani. Isitoshe, kipuri kisichopatikana mjini humlazimu mwenyeji kusafiri hadi Meru, Nanyuki au hata Nairobi. Anayenunua kwa kubahatisha huenda akarudi nyumbani na kukuta hitilafu ni ileile.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza si kununua kifaa kipya wala kufuta programu zote na kuziweka upya. Ni kutazama namna tarakilishi inavyojizima, kwani namna hiyo ndiyo inayofichua kilichoizima.

Kabla ya lolote, hifadhi nakala ya kazi muhimu kwenye diski ya nje, kwenye fleshi au katika hifadhi ya mtandaoni. Tarakilishi inayozimika ovyo inaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo, na diski inaweza kupatikana na dosari siku yoyote.

Namna tatu za kujizima

Ya kwanza ni kiwambo kuwa cheusi mara moja, bila onyo wala ujumbe, kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Hapa washukiwa ni umeme au joto.

Ya pili ni kutokea kwa ukurasa wenye ujumbe wa hitilafu, kisha tarakilishi ikajiwasha upya. Ukurasa huo ulikuwa wa buluu kwa miaka mingi, na katika Windows 11 uligeuzwa kuwa mweusi mwaka wa 2025. Hii ni dalili kwamba Windows yenyewe imegundua kasoro na kusimamisha kazi. Washukiwa ni kadi za kumbukumbu zijulikanazo kama RAM, diski, au programu ndogo zinazoendesha vifaa, ziitwazo draiva.

Ya tatu ni tarakilishi kufunga programu moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kisha ikajiwasha. Mara nyingi hiyo si hitilafu. Ni Windows inayokamilisha masasisho yake. Dawa ni kufungua mipangilio ya Windows Update na kutaja saa ambazo mtumiaji huwa kazini, ili masasisho yasubiri.

Chunguza umeme kwanza

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya tarakilishi ya mezani mna kisanduku kinachobadilisha umeme huo kuwa wa volti chache zinazohitajika na vipuri vya ndani. Kisanduku hicho huweza kustahimili kukatika kwa umeme kwa muda wa takriban mzunguko mmoja tu, yaani karibu sehemu ya hamsini ya sekunde. Ndiyo maana taa ya nyumba huweza kupepesa kidogo tu, tarakilishi nayo ikaanguka.

Kukatika kwa umeme kama kule kwa Agosti 25, 2023, ambako sehemu kubwa ya nchi iliachwa gizani, hakumchanganyi mtu. Kinachochanganya ni mtikisiko huo mfupi, kwa kuwa tarakilishi nyingine zimepangwa kujiwasha zenyewe mara tu umeme unaporejea.

Jaribio lake ni rahisi. Tazama iwapo taa hupepesa au jokofu hunguruma wakati uleule tarakilishi inapozima. Tazama pia iwapo hitilafu hutokea pasi au birika la umeme linapowashwa. Iwapo ndivyo, kasoro ipo katika umeme unaoingia au katika nyaya za nyumba. Jirani akiwa na tatizo hilohilo, piga ripoti kwa Kenya Power kupitia nambari 97771. Likiwa ni la nyumba moja tu, mwite fundi wa umeme mwenye leseni akague nyaya na waya wa kuingia ardhini.

Taa zisipotikisika, chunguza njia inayofikisha umeme kwa tarakilishi. Chomeka plagi moja kwa moja ukutani badala ya kwenye waya wa kuongezea wenye vifaa vingi. Badilisha waya wa umeme wa tarakilishi kwa mwingine, kwani mara nyingi huwa umelegea upande wa nyuma. Plagi au soketi inayopata moto au yenye alama za kuungua isitumiwe tena.

Wenye tarakilishi zilizotumika ng'ambo wakumbuke kutazama nyuma ya kisanduku cha umeme. Baadhi ya visanduku vina swichi ndogo yenye alama za 115 na 230. Hapa Kenya sharti iwe kwenye 230, la sivyo kisanduku kitaungua.

Kipakatalishi hakiathiriwi na mtikisiko wa umeme iwapo betri yake ni nzima. Kikizima papo hapo waya unapochomolewa, betri imechoka.

Anayetaka kujikinga anahitaji kifaa cha UPS, ambacho kina betri ya kushikilia tarakilishi umeme unapopotea. Kifaa cha kuzuia umeme mwingi pekee hakisaidii umeme unapopungua. Betri ya UPS nayo hufupishwa umri na joto: joto likizidi nyuzi 25 za Selsiasi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Kwa hivyo UPS isiwekwe juani wala chini ya paa la mabati lenye joto. Ikiwa imetumika kwa miaka kadhaa na inazima mara tu umeme unapokatika, huenda ni betri inayohitaji kubadilishwa wala si tarakilishi.

Joto na vumbi

Dalili ya joto ni saa. Tarakilishi hufanya kazi vyema asubuhi, ikaanza kuzima adhuhuri, au huzima kila inapofanya kazi nzito kwa muda. Prosesa, yaani ubongo wa tarakilishi, hupunguza kasi inapopata joto jingi, na joto likizidi kupanda hujizima ili isiungue. Ikikataa kuwaka hadi ipoe, ushahidi umekamilika.

Vumbi huziba matundu ya hewa na kukwamisha feni. Ili kulisafisha, zima tarakilishi, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Ipeleke nje, fungua ubavu wake na uondoe vumbi kwa brashi laini au hewa ya mkebe, huku ukishikilia feni isizunguke. Gusa chuma cha kisanduku kabla ya kugusa vipuri, ili umeme wa mwilini usiviharibu. Kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe hata kidogo, kwani huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa.

Ujumbe unapotokea

Ujumbe wa hitilafu hupotea upesi kwa kuwa Windows imepangwa kujiwasha upya. Ili ubaki, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika sysdm.cpl, fungua sehemu ya "Advanced", kisha mipangilio ya "Startup and Recovery", na uondoe alama kwenye "Automatically restart". Hitilafu ikirudi, nakili maneno na nambari zilizoandikwa.

Ili kupima RAM, bonyeza tena vitufe hivyo na uandike mdsched. Jaribio likionyesha kasoro, zima na uchomoe waya, toa kadi na uzirudishe kwa uthabiti. Kasoro ikidumu, tumia kadi moja moja hadi ipatikane iliyo mbovu. Iwapo hitilafu ilianza baada ya kuweka kifaa au programu mpya, iondoe kwanza.

Kirusi nacho hakipaswi kusahauliwa. Agosti 2003, kirusi kilichoitwa Blaster kilizifanya tarakilishi za Windows XP zijiwashe upya baada ya kuhesabu sekunde 60, na mwaka wa 2004 kikafuata Sasser. Lakini hata programu halali huweza kuleta balaa: Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha tarakilishi takriban milioni 8.5 duniani, nyingi zikijiwasha upya mfululizo ilhali hazikuwa na kipuri kibovu hata kimoja. Wanaotumia Windows 10 nao wafahamu kwamba Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025.

Kumfikia fundi

Hatua hizi zisipofaulu, nenda kwa fundi ukiwa na karatasi yenye mambo manne: saa hitilafu inapotokea, kilichokuwa kikifanywa, iwapo taa zilipepesa, na ujumbe ulioonekana. Mwombe ajaribu kipuri chake kwanza kabla ya wewe kununua kingine. Akisema ni kisanduku cha umeme, akifunge chake na tarakilishi ifanye kazi mbele yako kwa muda uleule ambao ilikuwa ikizima.

Ikistahimili muda huo, nunua. Isipostahimili, umeokoa pesa zako na safari ya bure.