Mikono iliyothubutu kugusa mitoki

Mwaka 2026 inatimia miaka 90 tangu raia mmoja wa Denmark, asiye daktari, aliposimama kwenye maonyesho ya afya na urembo mjini Paris akaeleza namna ya kuchua mwili bila kuukandamiza. Jina lake ni Emil Vodder. Waliompokea kwa hamu mwaka ule wa 1936 walikuwa watu wa saluni na urembo, si madaktari. Leo mbinu yake imo katika kliniki za Ulaya na Marekani zinazowahudumia wanawake waliovimba mkono baada ya kutibiwa saratani ya titi. Ajabu ni kwamba wanawake hao hawakuwa akilini mwake kabisa. Vodder alikuwa anahangaika na mafua.

Simulizi yake imetunzwa zaidi na shule inayobeba jina lake huko Walchsee, Austria, na ni wazi kwamba wanafunzi hawakutaka kumchafua mwalimu. Wanasema alizaliwa Copenhagen mwaka 1896, akasomea udaktari, lakini malaria ikamkatiza masomo. Msomaji wa Pwani atatikisa kichwa: homa anayoijua yeye ndiyo iliyoinyima Denmark daktari mmoja. Vodder akageukia falsafa, akapata shahada ya uzamivu Brussels mwaka 1928, kisha yeye na mkewe Estrid wakahamia kusini mwa Ufaransa.

Huko Cannes, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wateja wao wengi walikuwa Waingereza waliokimbia baridi ya kwao. Walikuja na pua zilizoziba na mafua yasiyokwisha. Vodder alipowapapasa shingoni alikuta mitoki, yaani tezi za limfu, imevimba na kukakamaa. Kwa wachuaji wa enzi zile, tezi hizo zilikuwa mwiko. Walifundishwa wazipitie mbali, wasije wakasambaza maradhi mwilini. Vodder akazigusa. Hakuzikanda kwa nguvu, bali alizizungushia vidole polepole, akiisogeza ngozi na kuiachia. Kwa mujibu wa shule yake, makamasi yakapungua na watu wakapona. Yeye na Estrid wakaendelea kubuni miondoko ya mwili mzima, na hapa ni haki kusema kwamba jina la mke limefunikwa mno na la mume, ilhali kazi waliifanya pamoja hadi uzeeni.

Kwa nini madaktari walimpuuza? Sababu ya kwanza ni cheti: udaktari wake ulikuwa wa falsafa. Ya pili ni kwamba mfumo wenyewe wa limfu ulikuwa yatima wa sayansi. Gaspare Aselli aliona mishipa yake kwenye tumbo la mbwa mwaka 1622, huko Italia. Miaka 30 baadaye Thomas Bartholin wa Copenhagen na Olof Rudbeck wa Sweden wakagombana hadharani kuhusu nani aliyeitambua kwanza kwa ukamilifu. Baada ya hapo, damu na moyo vikachukua sifa zote. Ila kazi ya limfu si ndogo. Majimaji yanayovuja kutoka mishipa midogo ya damu, pamoja na protini zake, huokotwa na mishipa ya limfu, hupita kwenye tezi, na hurudishwa katika damu chini ya shingo. Hakuna moyo wa kuyasukuma. Yanategemea kukaza kwa mishipa yenyewe, misuli ya mwili na pumzi.

Ukiziondoa tezi za kwapani, barabara hiyo imekatwa. Hilo ndilo lililofanyika kwa miongo mingi kwa jina la kuokoa maisha. William Halsted, daktari bingwa wa upasuaji wa Johns Hopkins mjini Baltimore, alitangaza mwaka 1894 matokeo ya wanawake 50 aliowafanyia upasuaji wake maarufu: titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani, vyote vikatolewa kwa mkupuo. Upasuaji huo ukatawala dunia kwa takriban miaka 80. Mwaka 1921 Halsted mwenyewe aliandika kuhusu mikono iliyokuwa ikivimba baadaye, akauita uvimbe huo matende ya upasuaji, na lawama nyingi akazipeleka kwa maambukizi ya kidonda kuliko kwa kisu. Mwanamke aliyeshindwa kuvaa blauzi kwa sababu ya mkono mzito aliambiwa auinue juu ya mto, na ashukuru kwamba yu hai. Ni jibu ambalo wagonjwa wengi wanalisikia hata sasa, na ni jibu baya.

Na dawa ilikuwa karibu. Mwaka 1892 Alexander von Winiwarter, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Liège, Ubelgiji, alikuwa ameshaandika kwamba kiungo kilichovimba hivyo kitibiwe kwa usafi, kuinuliwa, kufungwa na kuchuliwa kidogo kidogo. Maneno yake yakasahaulika.

Aliyeyafufua, kwa kuyaunganisha na mikono ya Vodder, ni Michael Földi, daktari wa Hungaria aliyeihama nchi yake mwaka 1969 akaishia Ujerumani. Kabla yake, daktari Mjerumani Johannes Asdonk alikuwa ameipima mbinu hiyo kwa wagonjwa wengi na kuona kwamba ina faida, na mwaka 1967 chama cha mbinu hiyo kikaundwa. Földi na mkewe, ambaye naye alikuwa daktari, walisisitiza kwamba kuchua peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na bandeji, mazoezi na utunzaji wa ngozi. Wafuasi wa Vodder na wa Földi bado wanafundisha kila mmoja kwa mtindo wake.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu inashangaza. Mgonjwa analala chali, na mchuaji haanzi na mkono uliovimba. Anaanza shingoni, juu ya mtulinga, kisha anahamia kwapa la upande mzima na kinena cha upande ulioumwa, kufungua njia ambako majimaji yatapitia. Baadaye kifua, bega, mkono wa juu, kiwiko. Vidole ni vya mwisho. Mguso ni kama wa anayepapasa embe kujua limeiva bila kulibonyeza. Mafuta hayatumiki, maana vidole vinatakiwa kuishika ngozi, visiteleze. Ngozi ikiwa nyekundu, mchuaji amezidisha. Kisha huja kazi ya bandeji: soksi ya pamba, vidole kufungwa kimoja kimoja, sponji, halafu bandeji ngumu kuanzia kiganjani hadi kwapani, zikibana zaidi chini kuliko juu.

Utafiti wa karne hii umeipunguzia mikono hiyo utukufu kidogo. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya tafiti sita, yaliona bandeji pekee ikipunguza uvimbe kwa asilimia 30 hadi 38.6, na kuchua kukiongeza asilimia 7 hivi, hasa kwa uvimbe mdogo. Katika majaribio ya Leuven, Ubelgiji, yaliyochapishwa mwaka 2011, kuchua hakukuzuia mkono kuvimba. Jaribio jingine la Ubelgiji, lililotoka mwaka 2022, halikuona nyongeza ya maana juu ya bandeji na mazoezi. Wapenzi wa Vodder hawakulifurahia.

Kwetu, mjadala huo wa asilimia saba ni wa anasa. Katika hospitali za Afrika Mashariki wanawake wengi hufika saratani ikiwa imeshakua, kwa hiyo tezi nyingi hutolewa na mionzi hufuata, na hivyo hatari ya kuvimba mkono huongezeka. Pwani imejifunza mengi kuhusu kuosha na kukausha mguu wenye matende, na ujuzi huo ungefaa sana mkono huu, lakini programu ya matende na ile ya saratani huendeshwa kando kando, kila moja na ofisi yake. Matokeo yake mgonjwa humwendea mchuaji wa mtaani anayemwaga mafuta ya moto na kukanda kama anayenyoosha mgongo. Kuchua kwa nguvu kunaweza kuuzidisha uvimbe. Na mkono ulio mwekundu na wenye joto, mgonjwa akiwa na homa, una maambukizi: hauchuliwi kabisa, mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo akapewe antibiotiki.