Kumhoji Aliyeandika Ripoti: Historia Simulizi ya Viongozi wa Afya ya Mama na Mtoto Tanzania

Muuguzi mkunga aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1975, wakati Tanzania ikijenga zahanati vijijini na kufundisha wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, leo amevuka miaka 75. Wenzake waliopanda vyeo wakawa matroni, waganga wakuu wa wilaya na mikoa, wakufunzi wa ukunga au waratibu wizarani wamekwisha kustaafu, na kila mwaka tunawazika kadhaa. Haraka ya kuwahoji haihitaji kutetewa. Kinachohitaji mjadala ni namna ya kuwahoji. Ninadai kwamba kiongozi wa afya ni shahidi mgumu kuliko mzee wa ukoo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kumbukumbu rasmi ambazo mahojiano yanakusudia kuzikamilisha.

Mbinu tulizorithi hazikutungwa kwa ajili yake. Jan Vansina alipochapa kitabu chake juu ya masimulizi ya mapokeo mwaka 1961, na wanahistoria wetu wakubwa, Bethwell Ogot kwa Waluo wa kusini na Isaria Kimambo kwa Wapare, walipoifanya kazi hiyo hapa kwetu Afrika Mashariki, tatizo lao lilikuwa uhaba wa maandishi. Walikwenda kwa wazee kwa kuwa historia ya watu hao haikuwa kwenye karatasi. Mratibu wa huduma za uzazi ana karatasi tele: taarifa za robo mwaka, rejesta za wodi ya wazazi, miongozo, mihtasari ya vikao. Ukimwomba akueleze mafanikio ya kazi yake, atakusomea ripoti ile ile kwa kichwa. Hadanganyi. Miaka thelathini ya kusimama mbele ya wafadhili, wakuu wa mikoa na kamati za Bunge imeipa kumbukumbu yake umbo la hotuba, na mhoji asiyejiandaa ataondoka na saa tatu za hotuba kwenye kinasa sauti akidhani amepata historia.

Basi mhoji aanzie wapi? Aanzie pale sera ilipogeuka. Sijaona mgeuko wenye mafunzo mengi kuliko ule wa wakunga wa jadi. Katika miaka ya 1970 na 1980 wakunga hao walionekana kuwa tegemeo. Tamko la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja wahudumu wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushirikishwa katika afya ya msingi, na nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, ziliwafundisha usafi wa kuzalisha na kutambua dalili za hatari. Mkutano wa Nairobi wa Februari 1987, uliozindua juhudi za kimataifa za uzazi salama, uliazimia kupunguza vifo vya wajawazito kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kuhusu wakunga wa jadi, yakiwakubali kama hatua ya mpito hadi wakunga wenye taaluma watakapotosha. Lakini kufikia mwisho wa muongo huo mkazo ulikuwa umehamia kwa mhudumu mwenye ujuzi. Sababu ilikuwa nzito: anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au ambaye mtoto amekwama, hawezi kuokolewa kwa mikono safi pekee. Anahitaji dawa, damu na upasuaji.

Mgeuko huu ulitokea ndani ya maisha ya kazi ya mtu mmoja. Afisa yule yule aliyeendesha semina za wakunga wa jadi ndiye aliyetumwa baadaye kuwaambia waache kuzalisha na wawasindikize wajawazito zahanati. Alisema nini siku ile? Wao walimjibu nini? Wangapi waliendelea usiku, zahanati ikiwa imefungwa au gari la wagonjwa halipo? Na yeye alifanya nini alipojua? Nyaraka zinatuonyesha waraka ulipotoka na tarehe yake, zisituambie ulivyopokewa chini ya mwembe. Hapo ndipo ushahidi wa mdomo unapostahili gharama yake.

Tutarajie, hata hivyo, kwamba wengi watasimulia mgeuko huo kana kwamba tangu mwanzo walijua mafunzo yale hayatatosha. Tusilitupe simulizi la namna hiyo. Alessandro Portelli, aliyewahoji wafanyakazi wa viwanda vya chuma wa Terni nchini Italia, aligundua kwamba wengi walikuwa wamekihamisha kifo cha kijana Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi katika maandamano ya 1949, hadi mwaka 1953, wakati wa kufukuzwa kazi kwa umati. Kosa hilo la tarehe lilimfunulia uchungu ambao nyaraka sahihi hazikuuonyesha. Matroni anayejipa leo mashaka ambayo hakuwa nayo mwaka 1985 anatueleza pia jinsi anavyoubeba moyoni ushauri alioutoa. Lakini ili tulitambue hilo ni lazima tuwe tumesoma alichokiandika mwaka 1985. Bila waraka mkononi, kosa lenye maana na kosa la kawaida yanafanana.

Takwimu nazo zina mtego wao. Tafiti za kitaifa zilikadiria vifo vya uzazi 578 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2004–05, 454 mwaka 2010, 556 mwaka 2015–16, kisha 104 mwaka 2022. Mstari huu una mabonde na vilima, na wataalamu wanajua kwamba makadirio ya aina hii yana wigo mpana wa makosa. Kiongozi mstaafu atakumbuka mteremko mmoja ulionyooka, kutoka enzi za giza hadi leo. Si kazi ya mhoji kumsahihisha. Amwulize swali dogo zaidi: ile taarifa ya 2015–16 ilipofika mezani, kikaoni palisemwa nini, nani aliombwa maelezo, na nini kilibadilishwa wiki iliyofuata?

Mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ni mfano ambao ningependa vyuo vyetu viushughulikie kwanza. Ulianza katika vijiji 168, ukatumia siku za afya za kijiji kupima uzito wa watoto na kuwapa wanakijiji wenyewe matokeo wayajadili, na fikra zake zikaingia katika mfumo wa kuchambua utapiamlo ambao UNICEF iliupitisha mwaka 1990. Machapisho ya wataalamu yanausifu kwa haki. Ni kutokana na sifa hizo kwamba mkuu wa mradi akihojiwa peke yake hatoshi. Uongozi wa Iringa ulikuwa pia mikononi mwa mhudumu wa afya wa kijiji aliyebeba mizani, na katibu wa kijiji aliyelazimika kusoma hadharani kwamba mtoto wa jirani yake yuko chini ya mstari mwekundu. Hao nao ni viongozi, nami sioni sababu ya kisomi ya kuliwekea neno hilo mipaka ya cheo.

Lipo suala la heshima, ambalo vitabu vya mbinu vilivyoandikwa kwingine hulipitia juu juu. Mhoji wetu kwa kawaida ni kijana wa shahada ya uzamili. Ameingia sebuleni, ameamkia shikamoo, amekaribishwa chai na kuitwa mwanangu. Baada ya hapo atamwulizaje mama wa miaka 78 kwa nini wanawake walifia mlangoni mwa hospitali aliyoisimamia? Hawezi, na hapaswi kujifanya anaweza. Njia ninayoiamini ni kuiachia karatasi iulize. “Mama, waraka huu unaagiza kila zahanati iwe na dawa ya kuzuia damu. Ulipowafikia, hali ya stoo ilikuwaje?” Swali linatoka kwenye waraka, kijana anabaki mwana, na mama anapata nafasi ya kujibu kama mtaalamu anayeheshimiwa. Nimeona wazee waliokuwa wakijibu kwa sentensi mbili wakivaa miwani, wakaishika karatasi, wakaanza kutaja majina ya watu waliokuwa zamu.

Majina hayo, na ya wagonjwa yanayotajwa pamoja nayo, yanadai uangalifu. Ridhaa ya msimulizi haitoshi kumfichua mama aliyefariki wodini mwaka 1983. Hakuulizwa, na watoto wake huenda bado wanaishi kijiji kile kile. Jina lake liondolewe katika nakala ya wasomaji, na pale ambapo hata tukio lenyewe linamtambulisha, sehemu hiyo ifungwe kwa muda unaokubaliwa. Msimulizi naye apewe haki ya kufunga aliyoyasema juu ya wakubwa wake hadi yeye mwenyewe atakapofariki. Bila haki hiyo, atatupa hotuba tena.

Kuhusu vikao vya kuwahoji wasimulizi kadhaa pamoja, ambavyo taasisi ya Wellcome ya London ilivifanya kwa mafanikio kuhusu tiba ya karne ya 20, nina shaka ya kimbinu. Ukimketisha daktari bingwa, matroni na msaidizi wa zahanati meza moja, wawili watamsikiliza mmoja. Ningeanza na msaidizi, akiwa kwake, katika lugha aliyozalishia. Kisha matroni. Kisha daktari, mhoji akiwa tayari na maswali aliyoyapata kwa hao wawili. Kikao cha pamoja kifuate baadaye, nakala za unukuzi zikiwa zimekwisha kusomwa na wenyewe. Na nakala hizo ziwekwe pia katika maktaba ya chuo cha uuguzi cha mkoa husika, ambako mwanafunzi wa ukunga anaweza kuzisoma bila nauli ya kwenda Dar es Salaam.