Habari za Jeraha la Moyo

Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za majengo, za shule, na za watu waliotutangulia katika kazi. Sisi twataka kuandika habari za jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo hata hivyo limo katika kila mtaa: jeraha la moyo wa mtu aliyepatwa na mambo ya kutisha kupita kiasi, kama vita, kushambuliwa, au kuona ndugu zake wakiuawa. Wazee walisema, Mwenye kovu usidhani kapoa. Na mtu huyu hana hata kovu la kuonyesha. Kwa hiyo watu humdhania mengi: wengine husema ana pepo, wengine amerogwa, wengine ni mwoga au mvivu.

Dalili zake ni hizi. Usiku huota mambo yale yale yaliyompata, akaamka akipiga kelele. Mchana, mlango ukijibamiza, hushtuka kana kwamba hatari ingali mbele yake. Hukwepa njia, watu na maneno yanayomkumbusha. Hukasirika upesi, au hukaa kimya kama mtu asiye na hisia. Hali hiyo kwa Kiswahili huitwa kiwewe. Hali ikikaa mwezi mmoja na zaidi, ikimzuia mtu kufanya kazi zake na kuishi na wenziwe, basi yafaa kuhesabiwa kuwa ni ugonjwa.

Kiwewe ni cha tangu kale, walakini matabibu walianza kukichunguza kwa bidii katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Katika mahandaki ya Ufaransa askari wengi walitetemeka, wakawa bubu au vipofu, hali miili yao haina jeraha. Mwaka wa 1915 tabibu Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari zao. Kwanza ilidhaniwa kwamba mshindo wa mizinga umetikisa ubongo. Lakini baadaye ikaonekana kwamba hata askari ambao hawakukaribiwa na kombora walipatwa vile vile. Ndipo wengine waliposema kwamba ni woga tu. Katika vita hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake zaidi ya 300 kwa kutoroka, kwa woga, na kwa makosa mengine ya kijeshi. Na kati yao wako ambao twaona leo kwamba walikuwa wagonjwa. Mwaka wa 2006 Serikali ya Uingereza iliwasamehe 306 kati yao, nao wamekwisha kulala kaburini muda wa miaka 90 hivi.

Lakini wakati ule ule alikuwako tabibu aliyeshika njia nyingine. Jina lake W. H. R. Rivers, naye alifanya kazi katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, nchi ya Uskoti. Aliona kwamba wagonjwa wake walikuwa wameshauriwa na watu wema wasahau, wasiyataje yale mambo, wafikiri mambo mazuri tu. Nao walijitahidi mchana kutwa kuyafukuza, na usiku yakarudi kwa nguvu zaidi.

Mmoja wao alikuwa ofisa aliyekwenda kumtafuta rafiki yake vitani, akaukuta mwili wake umevunjwa vipande vipande na kombora. Tangu hapo kila usiku aliota maiti ile. Rivers hakumwambia asahau. Alizungumza naye habari ya kifo kile, akamwonyesha kwamba mwili ulioharibika namna ile ni ushahidi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuteseka muda mrefu. Siku zikapita bila ndoto. Kisha akaota tena, akapiga magoti kando ya rafiki yake ili kumvua vitu vya kuwapelekea jamaa zake, akaamka akilia polepole. Hofu ilikuwa imeondoka, imebaki huzuni ya kufiwa. Rivers mwenyewe alikiri kwamba si kila mgonjwa alipona hivi, na kwamba kuyazungumza mambo hayo bila kipimo nako hakufai.

Katika vita hivyo hivyo, hapa Afrika ya Mashariki, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza peke yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latukumbusha jeshi lile la wapagazi. Waliosalia hawakujengewa Craiglockhart yao. Walirudi makwao na mzigo ambao hapakuwa na mtu wa kuwatua.

Miaka mingi ikapita. Askari wa Marekani waliopigana vita vya Vietnam, vilivyokwisha mwaka wa 1975, walirudi kwao na dalili zile zile, na mwaka wa 1980 chama cha matabibu wa akili wa Marekani kiliupa ugonjwa huu jina rasmi katika kitabu chao cha maradhi. Tangu hapo tabibu hakuwa na haki ya kuuita woga.

Kisha ukafika mwaka wa 1994, na mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda. Mwishoni mwa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Wanyarwanda wengine walikimbilia Uganda, na baadhi yao wakakaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pamoja na Wasomali waliokimbia vita vya kwao.

Huko Nakivale wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walijaribu jambo ambalo yafaa walimu wetu walijue. Waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio matabibu, kuwatibu wenzao kwa kuwasikiliza. Katika njia hii mgonjwa hutandika kamba chini kuwa mfano wa maisha yake. Penye furaha huweka ua, penye msiba huweka jiwe. Kisha husimulia maisha yake kwa taratibu tangu kuzaliwa, na afikapo penye jiwe huenda polepole, msikilizaji akiwa pamoja naye. Msikilizaji huandika, wakikutana tena humsomea, naye husahihisha na kuendelea. Mwisho hupewa hadithi ya maisha yake imeandikwa yote.

Wakimbizi 277 waliingia katika jaribio hilo, na matibabu yalikuwa vikao 6. Habari zake zilichapishwa mwaka wa 2008. Katika kila watu 100 waliotibiwa kwa njia hii, 70 hawakuonekana tena na ugonjwa; kwa njia nyingine ya mashauri walikuwa 65; na kati ya wale wasiopewa matibabu hayo, 37.

Basi, walimu wenzetu na waumini wote, mambo haya yatufundisha nini? Tusimwite mtu wa namna hii mwoga, wala tusimwambie asahau. Kadhalika tusimlazimishe kusema: imeonekana kwamba kumshurutisha mtu asimulie mara tu baada ya msiba hakumponyi, na pengine humdhuru. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na wenziwe walitoa mwongozo wa msaada wa kwanza wa moyo, nao una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama, kama amekula, kama ana pa kulala. Sikiliza kwa subira yale apendayo kusema, na siri yake uitunze. Unganisha naye jamaa zake, na ikiwa dalili hazipungui, mpeleke hospitali penye watu waliofundishwa kazi hii.

Mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa usiku halali, aulizwe kwa upole kabla ya kuchapwa. Mjane asiyetaka kupita njia fulani, asichekwe. Hao wamo katika shule zetu na nyumba zetu wakati huu tunaposherehekea, na wengi wao hawajaulizwa na mtu hata siku moja.