Historia ya Dhana ya Ulimwengu Sambamba katika Fikra na Riwaya ya Kiswahili: Tafakuri kutoka Chang'ombe

Ikisiri

Insha hii inafuatilia dhana ya ulimwengu sambamba katika fikra za Waswahili, kuanzia imani ya kuzimu hadi riwaya za mwishoni mwa karne ya 20, na kuilinganisha na nadharia ya fizikia iliyochapishwa mwaka 1957. Hoja kuu ni kwamba katika Kiswahili swali la msingi halikuwa iwapo dunia nyingine zipo, bali ni nani anayeweza kwenda huko na kurudi na habari.

1.0 Utangulizi

Chang'ombe, wilayani Temeke, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hili. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa na chuo cha ualimu. Walimu wa fizikia na walimu wa Kiswahili huandaliwa katika eneo moja. Hata hivyo, wakifika shule za sekondari, wa kwanza hufundisha kwa Kiingereza na wa pili kwa Kiswahili. Hivyo basi, dhana moja inaishi katika lugha mbili zisizosemezana, na mwanafunzi huachiwa kazi ya kuziunganisha peke yake.

2.0 Msamiati na Imani za Awali

Neno "dunia" limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya asili ya kilicho karibu, na "ahera" likiwa na maana ya kinachofuata mwishoni. Dunia hizi mbili zimepangwa kwa wakati: moja hutangulia, nyingine hufuata. "Kuzimu" ni tofauti. Ni neno la Kibantu, nalo ni la mahali. Kuzimu kuko sasa hivi, sambamba na maisha ya walio hai. Wafu huombwa kwa tambiko, nao huaminiwa kujibu kwa mvua, maradhi au ndoto. Mwingiliano upo, lakini una masharti yake: pahali maalumu, wakati maalumu na mtu anayestahili.

Aidha, neno "ulimwengu" lina wingi wenye historia yake. "Malimwengu" katika matumizi ya kawaida si dunia nyingi, bali ni mambo na misukosuko ya dunia hii moja. Ndiyo sababu anayetaka kuieleza nadharia ya fizikia kwa Kiswahili hukuta neno analolihitaji limekwisha kupewa kazi nyingine.

3.0 Kusadikika na Adhabu ya Mjumbe

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Nchi hiyo iko angani. Jina lake limeundwa kwa kauli ya kutendeka, ile inayoeleza jambo linaloweza kufanyika. Ndivyo lilivyo pia jina la Kufikirika, nchi nyingine ya mtunzi huyohuyo. Sarufi yenyewe inatangaza kwamba nchi hizi ni za uwezekano.

Katika riwaya hiyo, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja aliadhibiwa.

Huenda ikasemwa kwamba hii ni istiari tu ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una haki yake, ila haujitoshelezi. Kama Kusadikika ingekuwa kioo cha Tanganyika tu, safari za wajumbe zisingehitajika. Mtunzi ameweka tabaka mbili: msomaji wa Tanganyika anaitazama Kusadikika, na Kusadikika inazitazama nchi nyingine. Kosa la mjumbe si kusafiri. Kosa lake ni kuthibitisha kwamba mambo yangeweza kuwa vingine.

4.0 Riwaya za Miaka ya 1990 na Baadaye

Baada ya uhuru wazo hilo lilirejea kwa sura mpya. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi anavunja mipaka ya mahali na wakati, na waliokufa huzungumza na walio hai. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya katika miaka ya 1980, alitoa Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, na chombo kilichokusudiwa kumwangamiza ndicho kinachomfikisha katika jamii ya haki. Jina la nchi hiyo ni sentensi kamili: wale ni sisi. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed mwelekeo umegeuzwa: marehemu ndiye anayerudi kumkabili mjukuu mwenye madaraka. Kuzimu kwa zamani kumeingia katika siasa ya leo.

5.0 Ulinganisho na Fizikia

Mwaka 1957 Hugh Everett wa Princeton alipendekeza kwamba, katika kipimo cha chembe ndogo, matokeo yote yanayowezekana hutokea, kila moja katika tawi lake. Matawi yakishatengana, hakuna habari inayoweza kupita kati yake kwa namna yoyote ya kawaida. Dalili inayobaki ni mwingiliano wa mawimbi kabla ya kutengana. Wazo lake halikupokewa vizuri mwanzoni, naye hakuendelea na kazi ya fizikia chuoni.

Tofauti inaonekana wazi. Katika nadharia ya Everett, mjumbe hana njia. Katika riwaya ya Kiswahili njia ipo, na anayeifunga ni mtawala.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba Kiswahili kilikuwa na hazina ya kuzungumzia dunia nyingi kabla ya fizikia kuihitaji. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilithibitisha kwamba istilahi za sayansi zinaweza kuundwa na kupangwa. Kinachosalia ni matumizi darasani. Mwalimu wa fizikia anayehitimu Chang'ombe akipewa nafasi ya kuanzia na wajumbe sita wa Kusadikika, kisha akaeleza kwa nini chembe ndogo haina mjumbe, mwanafunzi atauelewa ugumu wa nadharia hiyo kwa lugha anayoifikiria. Asipopewa, tutaendelea kuwa na majengo mawili ndani ya ua mmoja, kila moja likiwa na habari ambayo jengo la pili halijaipata.