Redevansi ya madini: pesa ya mgodi inafikaje kwenye komini, na nani anaiona

Kila lori la shaba linalotoka Kolwezi kuelekea Kasumbalesa linaacha deni nyuma yake. Deni hilo si zawadi ya kampuni, wala si msaada wa kujenga darasa siku ya sherehe. Ni malipo ya mali iliyotolewa chini ya udongo na ambayo haitarudi tena. Kwa Kiswahili sanifu malipo hayo huitwa mrabaha. Hapa Lualaba kila mtu anasema redevansi.

Tangu mwaka 2018, sheria inataka sehemu ya pesa hiyo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya komini, sekteri au sheferi ambako mgodi unafanya kazi, bila kupitia Kinshasa. Kwa hiyo mtu wa Musonoie, Luilu au Kapata anayechota maji mbali na nyumba yake hana tena haja ya kuuliza tu waziri gani alikula pesa. Ana haki ya kuuliza ofisi iliyo karibu naye, ile ambayo anapita mbele yake akienda sokoni: mumepokea ngapi, na mumefanya nini nayo?

Sheria inasema nini

Sheria ya madini ya kwanza ya kipindi hiki ilitolewa tarehe 11 Julai 2002. Ilirekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, ambayo makampuni makubwa yaliipinga sana kabla ya kusainiwa na Rais Joseph Kabila. Kwa shaba, redevansi ilipanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 3.5. Kwa madini yanayotangazwa kuwa ya kimkakati ni asilimia 10. Kobalti iliingizwa kwenye kundi hilo kwa amri ya Waziri Mkuu ya Novemba 2018.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui: redevansi haihesabiwi kwenye faida. Inahesabiwa kwenye thamani ya madini yenyewe yanapotoka kuuzwa. Kampuni ikisema mwaka huu imepata hasara, inaweza kukwepa kodi ya faida, lakini redevansi inabaki palepale. Ndiyo maana ni pesa ya kuaminika kuliko zingine, na ndiyo maana inapiganiwa.

Ibara ya 242 inagawa pesa hiyo hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini, sekteri au sheferi ya mahali, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo, unaojulikana kama FOMIN. Kila mmoja analipwa kwenye akaunti yake.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si ya kampuni fulani. Mgodi umeuza shaba ya dola milioni 100. Redevansi ni dola milioni 3.5. Serikali kuu inachukua 1,750,000, jimbo 875,000, FOMIN 350,000, na komini 525,000. Kama zile milioni 100 ni za kobalti, redevansi inakuwa milioni 10 na komini inapata milioni 1.5. Mgodi mkubwa wa Lualaba unauza kupita hapo kwa mwaka. Kwa ofisi ambayo zamani iliishi kwa kodi ya meza za soko na karatasi za sivili, hiyo ni pesa ya kutikisa kichwa.

Na sheria haikuiacha iwe pesa ya kila kitu. Sehemu ya jimbo na ya komini inatakiwa iende kwenye miundombinu ya msingi yenye faida kwa watu wote: maji, barabara, shule, vituo vya afya. Mishahara ya ofisi, magari ya wakubwa na safari za Lubumbashi hazimo.

Kabla ya 2018

Haki ya asilimia 15 haikuanza jana. Ilikuwemo tayari kwenye sheria ya 2002. Wakati ule kampuni ilikuwa inalipa redevansi yote kwa hazina ya serikali, serikali inabaki na asilimia 60, halafu inapaswa kurudisha asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa mji au teritwari ya mgodi. Kurudisha ndiko kulikokwama. Miaka ilipita, machimbo yalifunguliwa upya, malori yaliongezeka, na mahali penye migodi pakabaki pakisubiri. Marekebisho ya 2018 yalikata njia hiyo ndefu, na kwa upande huo yalifaulu: pesa ilianza kufika.

Lakini pesa ilifika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuichunga. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mahali inasema komini iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na raia, na baraza hilo ndilo linalojadili bajeti na kumhoji burgumestri. Kolwezi ina komini mbili, Dilala na Manika. Redevansi ilipoanza kuingia, madiwani hawakuwepo. Maburgumestri walikuwa wameteuliwa kutoka juu, na mtu aliyeteuliwa kutoka juu anaangalia juu. Uchaguzi wa madiwani wa komini ulifanyika Desemba 2023 tu, pamoja na ule wa rais na wabunge, na haukufika kila mahali. Sekteri na sheferi hazikuwemo kabisa. Huko vijijini, ambako migodi mingi iko, chifu bado anapokea pesa ya mgodi bila baraza lililochaguliwa mbele yake.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Kujua kilichoingia si vigumu sana kama mtu ana subira. Kongo iliingia mwaka 2005 katika ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta. Kampuni zinatangaza zilicholipa, ofisi za serikali zinatangaza zilichopokea, na hesabu hizo mbili zinalinganishwa katika ripoti inayochapishwa. Mashirika ya raia ya Kolwezi na Lubumbashi yanazitumia ripoti hizo. Ripoti ni ndefu, imeandikwa kwa Kifaransa cha wahasibu, na inatoka kwa kuchelewa. Hata hivyo ipo. Kuna pia amri ya tarehe 20 Mei 2011 inayoilazimisha serikali kuchapisha mikataba ya madini ndani ya siku 60 tangu ianze kufanya kazi.

Kilichotoka ndicho kigumu. ITIE inafuata pesa mpaka kwenye mlango wa komini, lakini haiingii ndani kuhesabu mifuko ya simenti. Kujua kama dola elfu mia zilijenga kweli mfereji wa maji, mtu anahitaji bajeti ya komini, mpango wake wa maendeleo, mkataba wa mjenzi na karatasi ya kupokea kazi. Karatasi hizo zote zinatakiwa kuwepo. Sheria ya Aprili 2010 juu ya kandarasi za serikali inadai pia kwamba kazi zitangazwe na wajenzi washindanishwe. Lakini karatasi iliyo kwenye kabati ya ofisi si karatasi iliyobandikwa ukutani. Raia anayeenda kuiomba huulizwa kwanza: wewe ni nani, umetumwa na nani?

Swali hilo halina msingi. Ibara ya 24 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara ya 58 inasema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa, na serikali ina wajibu wa kuugawa kwa haki. Kulingana na Benki ya Dunia, karibu asilimia 73.5 ya Wakongomani waliishi mwaka 2024 kwa pesa isiyofika dola 2.15 kwa siku. Hao ndio wenye mali inayozungumziwa hapa, na hawahitaji kutumwa na mtu ili waulize.

Vyungu vinavyochanganywa

Redevansi si pesa pekee ya mgodi inayomhusu raia wa mahali. Sheria ya 2018 ilileta pia malipo ya angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka ya kampuni, kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Pesa hiyo haiingii kwa komini. Inasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Kwenye mgodi wetu wa mfano, ni dola 300,000 kwa mwaka. Chungu cha tatu ni kaye de sharji, yaani hati ya mapatano ambamo kampuni inaahidi kwa kuandika kazi itakazofanyia vijiji na mitaa inayoizunguka, pamoja na tarehe zake.

Vyungu vitatu, mifuniko mitatu, na mpishi anayefaidika watu wasipojua nyama imetoka katika chungu gani. Hakuna kinachozuia kisima kimoja kizinduliwe mara tatu: na kampuni kama kaye de sharji, na chombo cha asilimia 0.3, halafu na burgumestri kama kazi ya redevansi, kila mara na utepe mpya. Kwa hiyo mbele ya kila jengo jipya swali la maana ni hili: limelipwa na chungu gani, kwa bei gani, na mjenzi gani? Kibao cha kazi kinapaswa kujibu kabla ya mtu kuuliza.

Ieleweke pia kwamba haya yote yanahusu migodi ya viwanda. Makreseri, wachimbaji wa mikono wanaouza kobalti kwenye madepo, wako chini ya taratibu nyingine, na habari yao inahitaji makala peke yake.

Mfano wa Sicomines

Kwamba ukaguzi unaweza kubadilisha kitu, Kolwezi inao mfano wake. Sicomines ilizaliwa na mkataba wa 2008 kati ya Kongo na makampuni ya China: shaba na kobalti kwa upande mmoja, barabara na hospitali kwa upande mwingine. China ilichukua asilimia 68 ya hisa, Kongo 32, na mradi ukapewa msamaha mpana wa kodi. Dola bilioni 3 zilitakiwa kwenda kwenye miundombinu. Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza kwamba baada ya miaka karibu 15, ni dola milioni 822 tu zilizokuwa zimetolewa. Hesabu hiyo ilisomwa redioni, ikajadiliwa kwenye mataksi. Mwaka uliofuata mkataba ulipitiwa upya na kiasi cha miundombinu kikapandishwa hadi dola bilioni 7. Hisa hazikubadilika, na wengi walilalamika kwamba Kongo ingeweza kupata zaidi. Lakini bila ile namba 822 kuwekwa hadharani, mazungumzo hayo yasingekuwa na nguvu.

IGF iko chini ya Rais wa Jamhuri, ina wakaguzi wachache na nchi ni kubwa. Haiwezi kukaa katika kila sekteri ya Mutshatsha na Lubudi. Mahakama ya Hesabu vilevile.

Kobalti ikisimama

Kuna hatari nyingine ambayo komini nyingi hazikuitayarisha. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje ili bei ipande, kisha ikaongeza muda, na kuanzia Oktoba 2025 kila kampuni ikawekewa kiasi chake. Uamuzi unaweza kuwa na maana kwa taifa zima. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Lakini madini yasiyotoka hayalipi redevansi. Komini iliyokuwa inategemea ile asilimia 10 ya kobalti inaona akaunti yake inapungua, na shule iliyofika kwenye lenta inaweza kubaki bila mabati. Raia ataambiwa "pesa imekwisha." Kama hakujua iliingia ngapi mwaka uliopita, atapimaje jibu hilo?

Raia anaweza kufanya nini

Namba ya kuanzia ipo kwenye ripoti ya ITIE: kampuni fulani imelipa kiasi fulani kwa komini fulani. Ukiwa na namba hiyo mkononi, maongezi ofisini yanabadilika. Mtu anayeuliza "munafanya nini kwa ajili yetu?" anapewa hotuba. Anayeuliza "ile pesa ya mwaka fulani iko katika ukurasa gani wa bajeti?" anahitaji kupewa ukurasa. Kwa Dilala na Manika, madiwani waliochaguliwa wanaweza kuombwa wafanye kikao cha bajeti mlango ukiwa wazi.

Ofisi ikinyamaza, kuna ibara ya 27 ya Katiba. Inampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi kama hilo. Barua ipelekwe kwa nakala mbili, na nakala inayobaki kwa raia ipigwe muhuri wa ofisi wenye tarehe ya kupokelewa. Miezi mitatu inahesabiwa kuanzia siku hiyo.